Sindano, Masizi na Saa: Mafunzo Niliyopata Katika Kituo cha Matetemeko cha Göttingen

Juu ya mji wa Göttingen, katikati ya Ujerumani, kuna kilima cha msitu kinachoitwa Hainberg. Kati ya miti yake pamejificha vijumba vya zamani, na ndani ya vijumba hivyo mna mashine za chuma ambazo tangu mwanzo wa karne ya 20 zimekuwa zikiandika matetemeko ya ardhi ya dunia nzima. Aliyezibuni ni Emil Wiechert, mtu aliyeteuliwa mwaka 1898 kuwa profesa wa jiofizikia, anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza duniani kwa cheo hicho.

Mimi nilifundisha shule ya msingi Mbeya kabla maisha hayajanileta Ujerumani. Mtu wa Mbeya haelezwi tetemeko ni nini. Bati linalia, watu wanatoka nje, wanatazamana, kisha wanarudi kumalizia ugali wao. Nilipanda Hainberg mara ya kwanza kama mgeni wa kawaida, baadaye nikazoeleka kiasi cha kukabidhiwa ufagio. Mama aliposikia aliniuliza kwenye simu, "Kwa hiyo mwanangu, Jumapili unaacha ibada unakwenda kutazama vyuma vinavyochora mistari?" Ndiyo, Mama. Na haya ndiyo niliyoyaokota huko.

1. Anayepima tetemeko lazima kwanza ampate asiyetetemeka

Ardhi ikitikisika, kila kilichokaa juu yake kinatikisika nayo: nyumba, meza, mtu na rula yake. Utapimaje mwendo wakati hata wewe unakwenda? Jibu ni uzito mkubwa ulioachwa huru. Abiria aliyesimama kwenye daladala anajua: gari likiondoka ghafla, miguu inakwenda na sakafu, kiwiliwili kinabaki nyuma. Wiechert alitafuta kiwiliwili kizito. Sismografu yake iliyopata umaarufu zaidi ina uzito wa kilo 1,200, na haukuning'inizwa; umesimamishwa juu ya mguu wake, kama pendulamu iliyopinduliwa, ukizuiwa na springi usianguke. Ardhi inapoyumba chini yake, uzito unachelewa, na ule uchelewaji unapitishwa kwenye nyenzo ndefu mpaka kwenye sindano nyembamba, ukikuzwa mara 200 hivi.

Chumba cha jirani kuna jitu lenyewe: pendulamu ya tani 17. Ni pipa la chuma lililoshindiliwa bariti, jiwe zito la bei nafuu, likaning'inizwa. Hilo hukuza mwendo wa ardhi mara 2,000 na zaidi.

Nilidhani ukubwa ule ulitokana na tabia ya Wajerumani kupenda vitu vikubwa. Mzee mmoja mstaafu anayejitolea pale akanisahihisha kwa upole. Tatizo lilikuwa sindano. Sindano inayokwaruza karatasi inasuguana nayo, na msuguano huo, japo mdogo mno, unarudi kwenye nyenzo na kuuvuta uzito. Ukikuza mara 2,000, na mvuto wa msuguano nao unakua vilevile. Kwa hiyo zile tani 17 zote zipo kwa ajili ya kuishinda ncha ya sindano. Tangu siku hiyo kila mgeni ninampeleka kwanza kwenye sindano, ndipo tunageukia pipa.

2. Chombo kinachopayuka hakifai, hata kikisikia vizuri

Wiechert hakuwa wa kwanza. Tetemeko la Yokohama la Februari 1880 liliwafanya John Milne, James Ewing na Thomas Gray, Waingereza waliokuwa wakifundisha Japani, waanze kubuni mashine, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha wanasayansi wa matetemeko cha Japani. Milne aliporudi kwao mwaka 1895 alifungua kituo Shide, kisiwa cha Wight, na mashine za aina yake zikasambazwa kwenye makoloni ya Uingereza.

Ila mashine za wakati ule zilikuwa na kasoro moja. Ukiigusa pendulamu, haiachi kubembea hata baada ya mkono kuondoka. Wimbi la kwanza la tetemeko likipita, mashine inaendelea kucheza kwa mdundo wake yenyewe, na wimbi la pili linafika likikuta ngoma haijaisha. Unaposoma karatasi hujui ipi ni sauti ya ardhi na ipi ni ya chombo.

Wiechert alifunga kando ya uzito silinda zenye pistoni zinazosukuma hewa. Kila uzito unapotaka kubembea kupita kiasi, hewa inaubana. Ukitazama mashine kwa haraka, silinda zile unaweza kuzipita bila kuziona, hazina fahari yoyote. Kwangu mimi ndizo ubunifu wake mkubwa kuliko zile tani zote. Sindano ilianza kurudi mahali pake, na mstari ukaanza kusema kilichotokea ardhini peke yake.

3. Masizi ni wino wa siku moja, na kila siku ina wake

Hapa ndipo ninapopapenda. Karatasi ya kituo hiki haina wino. Ni karatasi nyeupe yenye kung'aa, inazungushwa kwenye silinda na kupitishwa juu ya moto wa mafuta unaotoa moshi mzito, mpaka igeuke nyeusi tii. Masizi yakiwa mazito mno, sindano inakwama; yakiwa mepesi, mstari hauonekani. Mkono unaojua haujui kueleza, unakwambia tu "tazama". Karatasi inafungwa kwenye mashine, sindano inashushwa kwa upole, silinda inazunguka na kusogea pole pole upande mmoja, na kunapokuwa kimya mstari mweupe mwembamba unajichora kwenye weusi, raundi kwa raundi.

Siku ikiisha karatasi inatolewa. Wakati huo ndio wa hatari kuliko wote, maana kidole kimoja kikigusa kinafuta bara zima. Inachovywa kwenye shelaki, ile vanishi ya maseremala, inatundikwa ikauke, na masizi yanashikamana na karatasi. Ikihifadhiwa vizuri inakaa zaidi ya umri wa mtu. Tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906 liliandikwa hapa kwa namna hii, na mistari yake inasomeka hadi leo, mikali kama ya jana.

Kazi hii haina sikukuu. Tetemeko halisubiri Jumatatu, na siku ambayo karatasi haikubadilishwa ni siku ambayo mstari mpya unapita juu ya mstari wa zamani na yote miwili inapotea. Ninapofikiria historia ya sayansi ya matetemeko, siku hizi namfikiria zaidi yule msaidizi asiyetajwa popote aliyeamka asubuhi ya theluji kwenda kupaka karatasi masizi.

4. Mstari bila saa ni mchoro tu

Tarehe 13 Desemba 1910, saa nane na dakika 37 mchana kwa saa za sasa za Afrika Mashariki, ardhi ilipasuka eneo la Rukwa, kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani. Tetemeko hilo linakadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, na ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki karne nzima ya 20. Vituo vya Ulaya vililiandika.

Kutoka Rukwa hadi Göttingen ni karibu kilomita 6,900. Wimbi la kwanza, lile la kusukuma na kuvuta linaloitwa P, huupita umbali huo kwa kukatiza tumbo la dunia na kufika baada ya dakika kumi na sekunde kadhaa. Wimbi la pili, S, linalotikisa mwamba kwa ubavu, ni zito la miguu; huchukua karibu dakika 19. Anayesoma karatasi hana habari ya Rukwa. Anaona tu kwamba mstari ulishtuka, ukatulia kiasi, kisha ukashtuka tena dakika nane na nusu baadaye. Pengo hilo linatosha kumwambia umbali. Hata kama saa ya ukutani imepotea kwa dakika tano, pengo halibadiliki, ili mradi karatasi inazunguka kwa mwendo mmoja.

Umbali peke yake lakini ni duara. Tetemeko lingeweza kuwa Rukwa, lingeweza kuwa mahali pengine popote penye umbali uleule. Unahitaji kituo cha pili na cha tatu, na hapo ndipo saa inapokuwa bwana. Vituo vikilinganisha muda wa kufika kwa wimbi P, kosa la sekunde moja linaweza kuhamisha tetemeko kwa zaidi ya kilomita 10. Kwa hiyo kila mashine ya Hainberg imeunganishwa na saa inayoinua sindano kidogo kila dakika, ikiacha mwanya mdogo kwenye mstari. Wageni wanatazama milima ya mstari. Wasomaji wa kazi hii wanatazama mianya.

Niliwahi kumweleza haya kijana mmoja Mtanzania anayesoma Hannover. Akanijibu, "Mwalimu, kumbe siri yote ni kufika kwa wakati." Nikamwambia arudie maneno hayo mbele ya wale anaowachelewesha kwenye mikutano ya jumuiya yetu.

5. Kelele ya leo ni habari ya kesho

Mstari wa masizi haunyooki kamwe. Hata siku isiyo na tetemeko lolote unatetemeka kidogo, mawimbi mafupi ya sekunde chache, na wakati wa baridi yanaongezeka. Wengi waliyaona kuwa uchafu. Mwaka 1904 Wiechert alipendekeza kwamba yanatokana na mawimbi ya bahari yanayopiga pwani zenye majabali, mamia ya kilomita kutoka kilimani. Maelezo yaliyokamilika yalikuja baadaye sana, na yanahusu mawimbi ya bahari yanayokutana yakielekeana na kuusukuma mwamba ulio chini yake, lakini chanzo ni kilekile: bahari. Leo watafiti wanatumia mnong'ono huo kupiga picha tabaka za juu za dunia bila kusubiri tetemeko.

Kuna aliyetangulia hata hapo. Mwaka 1889 Ernst von Rebeur-Paschwitz aliweka pendulamu nyepesi Potsdam na Wilhelmshaven ili apime namna ardhi inavyoinama kwa mvuto wa mbingu. Tarehe 17 Aprili mashine zote mbili zikaandika fujo asiyoielewa. Baadaye akasoma kwenye jarida habari ya tetemeko lililotokea Japani siku hiyo, akalinganisha saa, akaelewa. Hilo ndilo tetemeko la mbali la kwanza duniani kutambuliwa kwenye mashine. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1895, akiwa na miaka 34. Alikuwa anatafuta mwezi, akapata Japani.

6. Mtu akichoka kusubiri, hutengeneza tetemeko lake

Funzo hili ni fupi kwa sababu watoto wanalipenda na hawahitaji maelezo. Mwaka 1908 mwanafunzi wa Wiechert, Ludger Mintrop, alipandisha mpira wa chuma wa tani nne juu ya mnara, akauachia kutoka mita 14. Ardhi ikatikisika kiasi cha kupimika, mahali na wakati aliouchagua mwenyewe. Siku za wageni mpira bado unaangushwa. Unasikia kishindo kwenye nyayo kabla hujakisikia masikioni.

Mintrop aliona fedha ndani yake. Mawimbi yakirudi kutoka chini yanakwambia mwamba gani uko wapi, na mwaka 1921 alianzisha kampuni ya kutafuta madini na mafuta kwa njia hiyo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, ya mwaka 1982, zinatokana na tasnia ambayo sehemu ya mizizi yake iko kwenye shimo la mpira ule. Sikutarajia kuzikuta Lindi na Mtwara msituni Hainberg.

7. Namba niliyoiandika ubaoni ilikuwa na mwenyewe

Nilipofundisha muundo wa dunia nilichora duara, nikagawanya matabaka, nikaandika kwamba kiini kinaanzia kina cha kilomita 2,900 hivi. Wanafunzi walinakili, tukaendelea na mada ya mito. Sikujiuliza nani alikwenda kupima, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza, jambo ambalo sasa naona ni la kusikitisha zaidi.

Aliyepima ni Beno Gutenberg, aliyefanya udaktari wake hapa chini ya Wiechert mwaka 1911. Wiechert mwenyewe alishawaza tangu miaka ya 1890 kwamba dunia ina moyo wa chuma, na Richard Oldham, Mwingereza, alionyesha mwaka 1906 kwamba mawimbi ya matetemeko yanathibitisha kiini. Kilichokosekana kilikuwa kina chake. Gutenberg alichukua muda wa kufika kwa mawimbi kutoka matetemeko ya mbali sana, akaona mahali ambapo mawimbi yanapotea na mahali yanapochomoza tena, na kufikia mwaka 1913 alikuwa ameweka mpaka kwenye kilomita 2,900. Zaidi ya karne imepita, zana zimebadilika zote, na namba imesogea kidogo tu.

Mtu huyo baada ya vita kuu ya kwanza hakupata nafasi ya kudumu iliyolingana naye. Alikuwa Myahudi, na aliishi kwa kusaidia kiwanda cha sabuni cha baba yake huku akifundisha chuo kikuu Frankfurt kwa muda wa ziada. Mwaka 1930 alihamia California, akawa pamoja na Charles Richter kwenye kazi iliyotupa kipimo cha ukubwa wa matetemeko cha mwaka 1935. Kipimo tunachokisikia kwenye taarifa ya habari, "tetemeko la ukubwa wa 5.9", kina jasho la mtu aliyeuza sabuni.

Ninaporudi Mbeya likizo huwa napita shuleni kwangu. Duara bado linachorwa. Sasa nawasimulia na habari ya sabuni.

8. Tetemeko ni la kwetu, kabati ni la wengine

Funzo hili lilinikera muda mrefu, na bado halijatulia kichwani.

Göttingen haikukaa kilimani tu. Mwaka 1902 wanazuoni wake walifungua kituo Apia, Samoa, koloni la Wajerumani wakati huo, na mashine za Wiechert zikasafirishwa hadi Bahari ya Pasifiki. Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa mtindo uleule wa kufuata mahitaji ya wengine. Wabelgiji walifungua kituo cha utafiti Lwiro, karibu na Bukavu, na mashine za matetemeko zikafungwa humo miaka ya 1950. Nairobi iliingia mwaka 1963 kwenye mtandao wa Marekani uliokuwa na vituo zaidi ya 100 duniani, na lengo kubwa la mtandao huo halikuwa kumlinda mkazi wa Nakuru. Lilikuwa kutofautisha tetemeko na bomu la nyuklia lililolipuliwa chini ya ardhi. Tukapata kituo kwa sababu mataifa makubwa yaliogopana. Sikatai zawadi, natazama tu kilichoileta.

Matokeo yake ni kwamba historia yetu ya matetemeko imesambaa. Rukwa 1910 ni jina tunalolitaja kwa sababu kuna karatasi Ulaya. Watafiti wa baadaye waliopekua taarifa za vituo vya wakati ule waliweza kulikadiria upya mahali pake na ukubwa wake, na wengine wakalihusisha na mpasuko wa Kanda, ule ukingo mrefu wa ardhi unaoonekana karibu na Sumbawanga. Subukia 1928, Bonde la Ufa la Kenya, ni hivyohivyo. Nilimwambia yule mzee mstaafu kwamba inaniuma kusoma habari za Rukwa kwenye kabati la Ulaya. Akanisikiliza, akafungua droo, akanionyesha makaratasi ya nchi nyingine nyingi, akasema, "Haya yote yalibaki kwa sababu kila mara alikuwepo mtu mmoja aliyekataa yasitupwe." Kituo chenyewe kilinusurika hivyo. Idara ya chuo kikuu ilipohamia jengo jipya mwaka 2005, chama cha watu wa kujitolea ndicho kilichokichukua. Bila wao pale pangekuwa na nyumba za kupangisha zenye mandhari nzuri ya msitu.

Siku ya tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu walikufa Bukoba na vijiji vyake, nyumba zikalala. Safari hii hali ya kumbukumbu ilikuwa tofauti na ya 1910. Kuna kituo cha kimataifa Mbarara, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kipo kingine Kilima Mbogo nchini Kenya, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma ina vituo vyake. Takwimu za Mbarara na Kilima Mbogo zinakwenda moja kwa moja kwenye hifadhi ya kimataifa, na hifadhi hiyo haina kufuli. Hata data za mashine zilizowekwa kwa muda nchini Tanzania na watafiti wa Marekani mwaka 1994 na 1995 zinapatikana humo.

Kwa hiyo lawama yangu ya zamani imebadilika sura. Kabati la masizi lilikuwa mbali, na ufunguo alikuwa nao mwingine. Kabati la sasa liko kwenye simu. Mwanafunzi wa jiolojia pale Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza jioni hii kupakua mstari wa Kilima Mbogo wa tarehe 10 Septemba 2016, akatafuta P, akatafuta S, akapima pengo na kupata umbali wa Bukoba bila kumwomba mtu ruhusa. Ninapokutana na walimu wa sekondari huko nyumbani huwa nawaachia jina la kituo, herufi nne: KMBO. Wengine wameshanitumia picha za madaftari ya wanafunzi, mistari imechorwa kwa penseli, mishale inaonyesha P na S. Baadhi wamekosea S. Ndivyo inavyoanza.